Hadithi kwanza, vitufe baadaye

Mwanza iliwahi kuwa na gazeti lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Lilianza mwaka 1974, likiwalenga watu wazima wa Kanda ya Ziwa waliokuwa wametoka kwenye madarasa ya kisomo, wale ambao mitaani waliitwa kwa utani wanafunzi wa ngumbaru. Walioliasisi walikuwa na hofu moja ya kweli: mtu akishajua kusoma halafu akakosa cha kusoma, baada ya miaka michache herufi humtoroka. Basi akatengenezewa gazeti lake, lenye lugha nyepesi na mambo ya kijijini kwake.

Huwa nalikumbuka gazeti hilo kila ninapoalikwa kwenye semina ya ujuzi wa kidijitali kwa jamii. Nimehudhuria nyingi, nyingine nimeziendesha kwa miongozo iliyoandikwa na watu wengine, na karibu zote huanzia pale pale. Slaidi ya kwanza ina picha ya kompyuta na mishale: hiki ni kiwambo, hii ni kibodi, hiki ni kipanya. Mama anayeuza dagaa, ambaye hajawahi kushika kipanya na huenda asikishike maisha yake yote, ananakili neno hilo kwenye daftari kwa adabu zote. Simu yake imo kwenye pindo la khanga. Asubuhi hiyo hiyo amepokea pesa kwa simu hiyo, amelipa mzigo, amemwona mjukuu wake aliyeko Dar es Salaam kwa video. Hakuna aliyemuuliza.

Mtu mzima haji darasani mtupu. Ana miaka hamsini ya mambo aliyoyaona, ana maneno ya kuyasema, na ana watu anaotaka wayasikie. Ukianzia hapo, vitufe vitajifundisha vyenyewe njiani kwa sababu kila kimoja kitakuwa na kazi. Ukianzia kwenye vitufe, utampa cheti, na wiki mbili baadaye atamwomba mtoto wa jirani amfungulie picha.

Wala hili si jambo jipya kwetu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wakati ambapo karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia 1977 takwimu za serikali zilionyesha kuwa wasiojua wamebaki asilimia 27. Watu husimulia habari hiyo kama ushindi wa ubao na chaki, lakini mimi kinachonivutia zaidi ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa wiki kumi na mbili, watu takriban milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini kusikiliza kipindi cha redio kuhusu malaria, kichocho, maji na vyoo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imeandaa vitabu, na maelfu ya viongozi wa vikundi walikuwa wamefundishwa namna ya kuongoza mazungumzo. Kikundi kinasikiliza, mmoja anasoma kitabu kwa sauti, watu wanaulizana mambo hayo yakoje pale kwao, kisha wanaamua la kufanya. Wiki inayofuata wanaulizana kama wamelifanya.

Redio ilipozimwa ndipo somo lilipoanza. Wataalamu wa leo wanaotuletea programu za kujifunzia kwenye simu wangefanya vyema kulitafakari hilo. Tumepata kifaa chenye uwezo kuliko redio ya mbao ya mkulima ya enzi zile, halafu tumemwacha kila mtu aangalie peke yake, kichwa kimeinama. Kikundi ndicho tulichokipoteza.

Kikundi ninachokutana nacho mimi ni cha akina mama wanaochuuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Ni kikoba chao cha siku nyingi, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, wana sanduku lenye kufuli tatu na katiba iliyoandikwa kwa mkono. Ratiba yetu haitoki wizarani. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukipevuka taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika na soko linapoa. Siku hizo ndizo za darasa. Anayetaka kuwafundisha watu hawa kwa kalenda ya mwaka wa fedha wa serikali na ajaribu, atafundisha viti.

Swali la kwanza huwa si la simu. Ninauliza: ni siku gani ulijua kwamba biashara hii unaiweza? Tunakaa duara na kila mmoja anajibu, wengine wakicheka, wengine wakichomekea. Mama mmoja alieleza jinsi mama mkwe wake alivyomfundisha kuwatofautisha dagaa wa chanja na dagaa wa mchangani. Unachota konzi moja, unamtafuna mmoja, unasikiliza meno. Ukisikia mchanga, hao ni wa chakula cha kuku, ishushe bei. Siku alipomkatalia mvuvi mzima mzima mbele ya watu, kwa sababu meno yake yamemwambia, ndiyo siku aliyojua kuwa ameiva. Alisema pia kwamba wanunuzi wanaotoka Kongo hutafuna vilevile kabla ya kufungua pochi, na hapo kikao kizima kikaitikia.

Masimulizi hayo yalikuwa marefu, na kazi yake ya kwanza ya kidijitali ikawa ya kalamu: yafike dakika mbili.

Utaratibu huu una wazee wake. Mwaka 1994 kule San Francisco, Joe Lambert na wenzake walianzisha kituo ambacho leo kinajulikana kama StoryCenter. Watu wa kawaida hukaa duara kwa siku chache, kila mmoja anasimulia jambo lake, anaandika ukurasa mmoja hivi, anarekodi kwa sauti yake mwenyewe, kisha anapanga picha zake juu ya sauti hiyo. Matokeo yake ni video ya dakika mbili au tatu. Mwaka 2001 BBC waliupeleka mtindo huo Wales, wakazunguka nao mijini na vijijini. Mimi nimechukua duara na kalamu, kompyuta nimewaachia wenyewe.

Kuna jambo jingine nimewaachia. Miongozo yao hushauri hadithi ianze katikati ya tukio, bila utangulizi. Akina mama wangu hawataki kusikia. Kila rasimu ilianza na shikamooni nyote, jina langu naitwa fulani, natokea mahali fulani, nawasalimu watoto wangu na wajukuu na jumuiya yote ya kanisani au msikitini. Nusu dakika imekwenda na bado hatujaona dagaa hata mmoja. Tulibishana sana. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu mzima anayeanza kuongea bila salamu, anayemsikiliza huacha kusikiliza, anabaki kujiuliza huyu amelelewa na nani. Nilikubali salamu moja fupi. Hata sasa naona walikuwa sahihi, maana video hizo zinakwenda kwa jamaa zao, haziendi Wales.

Kurekodi ndiko kuliko na mafunzo mengi. Msimulizi hodari kabisa, aliyekuwa akitikisa duara zima, ukimwekea simu mbele ya mdomo anaanza kusoma kama mtangazaji wa matangazo ya vifo. Tatizo haliko kwenye maikrofoni. Hadithi zetu ni kazi ya watu wawili. Msimulizi anasema hadithi, hadithi, na wasikilizaji wanamjibu hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea, na tangu hapo wanaendelea kumwitikia hadi mwisho. Simu haiitiki. Dawa ilikuwa rahisi: tunamkalisha mwenzake mbele yake, simu inawekwa pembeni, na msimulizi anamsimulia mtu. Zile ehee na halafu za msikilizaji zinaingia kwenye sauti. Hatuzikati.

Mengine ni ya ufundi, nayo nayaandika hapa kwa ajili ya mwalimu anayetaka kujaribu. Weka simu kwenye hali ya ndege ili mteja asipige katikati ya sentensi nzuri. Iweke umbali wa shubiri moja hivi kutoka mdomoni. Upepo wa ziwa ukivuma, jifunikeni khanga au blanketi. Mvua ikigonga bati, ahirisha. Tumia kinasa sauti cha simu yenyewe, usirekodi moja kwa moja kwenye WhatsApp, kwa sababu WhatsApp huibana sauti ili isafiri kwa bando dogo. Picha nayo hubanwa, hivyo ukitaka ifike na ubora wake itume kama faili. Picha za zamani za karatasi zipigwe karibu na dirisha, bila mwanga wa simu. Kwa kuunganisha, programu za bure kama CapCut zinatosha, na simu ya bei ya kawaida inaiweza kazi hiyo mradi ina nafasi.

Nafasi hiyo sasa! Simu karibu zote zilikuwa zimejaa. Tulipofungua kuona kilichojaza, tulikuta picha za maua zenye maneno ya habari za asubuhi, mahubiri yaliyofowadiwa, video za harusi za watu wasiojulikana, na kila kitu kimehifadhiwa mara mbili. Nilishawahi kufundisha somo la kumbukumbu ya simu kwa slaidi, na watu wakasinzia. Safari hii hakuna aliyesinzia, kwa sababu kila mmoja alikuwa na hadithi inayosubiri pa kukaa. Wakajifunza kufuta, kuhamishia kwenye memori kadi, na kuizuia WhatsApp isipakue kila kitu yenyewe. Waliokuwa wakilalamika kwamba bando linaisha haraka wakaona pia linakokwenda.

Kisha siku moja tukaacha hadithi zetu, tukachukua za matapeli.

Kila mwenye simu Tanzania anaujua ujumbe wa ile hela tuma kwenye namba hii. Tuliusoma kwa sauti, tukaufanyia yale yale tuliyozifanyia rasimu zetu. Nani anaongea? Hajataja jina. Anaongea na nani? Na yeyote. Hela ipi? Hakusema. Mmoja wao ndiye aliyeona siri yake: ujumbe huo unaanzia katikati. Mwanzo wa hadithi anaujaza mpokeaji mwenyewe. Siku yoyote nchini kuna maelfu ya watu wanaosubiri namba ya mwenye nyumba, ya fundi, ya mtoto aliyeko chuoni, na ujumbe ukimkuta mmoja wao, anaumalizia kichwani kisha anatuma. Tapeli ameandika sentensi moja, iliyobaki tumemwandikia sisi.

Yule mwingine hupiga simu akijifanya mwalimu: mtoto wako ameanguka shuleni, yuko hospitali, tuma pesa ya matibabu sasa hivi. Hii ni hadithi iliyokamilika, ina mhusika unayempenda, ina hatari, ina muda unaokimbia. Kinachokosekana ni vitu vidogo vidogo vya siku hiyo. Kwa hiyo akina mama wakatunga maswali ya kutoka nje ya hadithi: mtoto amekwenda shule na viatu gani leo? Nani amemleta hospitali? Mpe simu muuguzi. Mtu ambaye ametumia majuma akikata na kushona hadithi yake mwenyewe anajua mahali ambapo ya mwenzake imeshonwa vibaya. Baada ya hapo ndipo tulipozungumzia namba 15040 ya kuripotia matapeli, na kwa nini namba ya siri haitajwi hata kwa wakala unayemwamini. Mambo hayo yamo kwenye kila semina. Tofauti ni kwamba hapa yalikuja kama majibu.

Si kila hadithi iliishia kwenye kundi la WhatsApp. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya mia mbili. Mmoja wa akina mama hawa alipoteza ndugu siku ile. Alichagua kusimulia hilo, akarekodi mpaka mwisho, na chumba kikawa hakina la kusema. Kijana mmoja aliyekuwa akitusaidia na simu, kwa nia njema kabisa, akasema, "Mama, hii tukiipandisha TikTok itafika mbali." Mama akamuuliza, "Mwanangu, ikifika huko mbali, naweza kuirudisha?"

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ni vizuri watu waijue. Lakini hakuna sheria inayoweza kuikusanya video iliyokwishafowadiwa mara elfu. Tulizungumza muda mrefu: nani ataiona, wanaotajwa humo wameridhia, picha ya marehemu ni ya nani, watoto wake watakapoikuta baada ya miaka kumi itakuwaje. Mama akaamua ibaki kwenye simu yake na ya bintiye. Kwangu hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo mazito kuliko yote kuhusu mtandao niliyowahi kuyasikia darasani, na yalizaa video isiyopandishwa popote. Kwenye fomu za wafadhili hayana mahali pa kuandikwa. Fomu zinauliza video ngapi zimepandishwa na zimetazamwa na wangapi.

Walimu wa shule nao wana shida zao. Mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, umewapa walimu nafasi ya kukutana shuleni kwao kwenye jumuiya za kujifunza, kubadilishana mbinu na kusoma moduli zilizowekwa mtandaoni. Wazo ni zuri. Wanachokikosa mara nyingi ni sababu ya kufungua hiyo moduli saa kumi jioni baada ya vipindi vingi na daftari za kusahihisha.

Mwalimu wa jiografia wa sekondari moja hapa mkoani aliyekuja kutazama kazi ya akina mama aliipata sababu yake. Alikuwa akifundisha mabadiliko ya kina cha ziwa kutoka kitabuni, wanafunzi wakikariri. Akawapa kazi: nendeni kwa babu na bibi, waulizeni maji yalifika wapi zile mvua za uhuru. Mvua hizo zilianza mwishoni mwa 1961, na kati ya mwaka huo na 1964 Ziwa Victoria lilipanda takriban mita mbili na nusu. Shule za serikali haziruhusu wanafunzi kuja na simu, kwa hiyo ilibidi warekodi nyumbani, kwa simu ya mzazi, mzazi akiwa amekaa hapo hapo. Ninavyoona, katazo hilo ndilo lililoifanya kazi iwe nzuri, kwa sababu vizazi vitatu vilijikuta vimezunguka kifaa kimoja.

Yakaja masimulizi ambayo hayamo katika kitabu chochote cha kidato. Bibi mmoja alionyesha mwembe ambao mtumbwi ulifungwa. Babu mwingine alieleza familia ilivyohamisha nyumba na kuacha makaburi yakimezwa. Mwalimu akayaweka masimulizi hayo kando ya vipimo vya kina cha maji vya Jinja, Uganda, kisha kando ya picha ambazo wazazi wenyewe walizipiga Mei 2020, ziwa lilipopanda tena hadi kuivuka kidogo ile rekodi ya 1964. Wanafunzi wakaanza kuuliza maswali ya kijiografia ya kweli: kama bibi anasema maji yalifika kwenye mwembe na mwembe uko mita kadhaa kutoka ufukwe wa leo, anakumbuka vizuri au anaongeza chumvi? Utapimaje?

Wengi wa wazee walisimulia kwa Kisukuma, kwa hiyo kukawa na kazi ya kutafsiri na kuweka maandishi chini ya video. Hapo mwalimu alikwama, akafundishwa na binti wa kidato cha pili. "Mwalimu, si hapo, bonyeza pembeni." Akabonyeza pembeni. Anasema tangu siku hiyo binti yule, aliyekuwa hanyanyui mkono, ananyanyua.

Kwa shule za msingi kuna njia fupi zaidi. Tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini na kufunguliwa mwaka 2014, ina vitabu vya picha vya watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, kwa leseni huria. Mwalimu anaweza kusoma, kupakua, kutafsiri, au kutunga chake kwa kutumia michoro iliyomo. Kuna vitabu humo ambavyo Kiswahili chake ni cha kuchechemea, na hilo lisikuudhi: wape darasa la sita wakirekebishe, watakutafutia makosa kwa furaha ambayo hutaiona kwenye zoezi la sarufi.

Tunachohangaika nacho sasa na kikundi cha Kirumba ni utunzaji. Simu huibwa, huanguka ziwani, hufa betri. Mmoja alipoteza yake pamoja na hadithi, na bahati nzuri nakala ilikuwa kwa mwenzake. Kuhifadhi mtandaoni tumejaribu, lakini kunataka bando na nenosiri ambalo baada ya miezi sita hakuna anayelikumbuka. Kikao kikaamua zinunuliwe memori kadi mbili, moja ikae kwenye sanduku la kikoba pamoja na daftari la mikopo, lenye kufuli tatu na watunza funguo watatu. Ya pili ninayo mimi. Sasa limezuka suala la watoto wa wanachama wanaotaka nakala za hadithi za mama zao wakiwa mikoani. Mweka hazina anasema sanduku halifunguliwi nje ya kikao. Mwenyekiti anasema hadithi si pesa. Limewekwa kuwa ajenda ya pili ya kikao kijacho, baada ya marejesho.